Mama, hayo anayokusimulia binti yako ndo misheni yenyewe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mama mmoja aliyeandika hapa hivi karibuni kuhusu binti yake aliyeko misheni nje ya nchi, yaani katumwa na kanisa kuhubiri na kuhudumia watu. Alisema kila wiki mtoto akipiga simu ni habari za kufua, miguu kuuma, lugha kumshinda na mwenza wake, yaani mmisionari mwenzake aliyepangiwa kutumika naye, ambaye hawaelewani, habari za waliobatizwa hamna kabisa, akamaliza kwa kuuliza hivi kweli nimemtoa mtoto kwa Mungu au nimempeleka tu akahangaike mbali na nyumbani. Swali hilo halijanitoka kichwani, maana hata mimi nimetumika misheni kwenye kanisa hilohilo, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na sasa hivi nawasaidia vijana wa kata yetu, ndivyo tunavyoita usharika wetu, wanaojiandaa kwenda. Mama shikamoo, naomba unisikilize kidogo.

Kwanza kabisa mshukuru Mungu kwamba anakuambia. Sisi wa zamani kidogo tulikuwa tunapiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, siku zingine zote ni kuandika barua pepe mara moja kwa wiki, na ukiwa na mara moja kwa wiki unachagua cha kuandika, unaandika yale mazuri, mama asome kwa furaha awasomee na majirani. Februari 2019 kanisa ndo likaruhusu wamisionari kupiga simu au kuongea kwa video kila wiki. Kwa hiyo yale uchovu na machozi hayajaanza na binti yako, yalikuwepo siku zote, tofauti ni kwamba sasa mzazi anayasikia yangali ya moto. Na mzazi akiyasikia bila mtu wa kumwelezea anaweza kudhani misheni imeharibika, kumbe ndo inaenda vizuri.

Tuangalie siku yake ilivyo. Anaamka saa 12:30 asubuhi, anafanya mazoezi, anaoga, anakula, anasoma maandiko peke yake, alafu anasoma na mwenza wake, na kama yuko kwenye lugha ngeni kuna mda wa lugha pia. Baadaye wanatoka. Wanatembea, wanabisha hodi, wanaongea na watu barabarani, wanamsaidia mtu kubeba mizigo au kusafisha nyumba, wanamtembelea muumini aliyeacha kuja kanisani, wengi wanawaambia hapana na wengine hawawaambii chochote, wanapita tu. Usiku wanarudi, wanapanga ya kesho, saa 4:30 taa inazimwa. Tangu 2017 ratiba imelegezwa kidogo na rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa sehemu hiyo, anaweza kuirekebisha kufuatana na eneo, ila mwendo ni uleule. Siku moja kwa wiki ni siku ya maandalizi, na hiyo ndo ya kufua, kununua mahitaji, kuandika nyumbani na kupiga hiyo simu unayoisubiri. Sasa mama, mtu anakupigia siku ya kufua, ndoo iko miguuni, asikuambie habari za kufua akuambie nini?

Lakini naomba tukae kidogo kwenye hili la mwenza, maana nikisoma barua yako naona ndo linalokuumiza zaidi, na kwa kweli ndo kubwa kuliko yote. Watu wa nje hawaelewi. Huyu si mtu wa kukaa naye chumba kimoja tu, ni mtu wa kuwa naye saa zote, unatoka naye, unarudi naye, unasali naye, huruhusiwi kumwacha ukaenda hata kona moja peke yako, mkiachana labda ni kwenda bafuni au kuingia kwenye mahojiano na rais wa misheni. Na hukumchagua. Ametoka nchi nyingine, kalelewa kivingine, yeye akikasirika ananyamaza na wewe ukikasirika unataka myamalize palepale. Kila baada ya wiki sita kuna uhamisho, yaani rais anaweza kuwatenganisha au akawaacha hapohapo mwendelee, na kuna wiki sita ambazo ni ndefu kuliko mwaka mzima wa shule, nakuambia kweli.

Sasa hapo ndo mtu anakua. Huwezi kwenda mlango wa jirani kufundisha upendo wa Kristo wakati huyo uliyesimama naye hamjasemeshana tangu asubuhi, hata mwenye mlango anaona. Kwa hiyo unalazimika kujifunza vitu ambavyo nyumbani ungevikwepa, kusema samahani kabla ya kulala, kuuliza badala ya kudhania, kumwacha mwenzako awe mwenyewe. Nimeona vijana waliotoka kwao hawajui kupika chai wala kuongea na mtu asiyekubaliana nao, na waliporudi wakawa watu wa kusuluhisha ugomvi wa familia. Hamna darasa lililowafundisha hayo, ni yule mwenza mgumu.

Na wala si jambo geni kwenye kazi ya injili. Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, Marko 6:7, na hao mitume wakubwa kabisa Paulo na Barnaba waligombana kwa ajili ya Yohana Marko mpaka wakaachana, kila mtu akashika njia yake, kitabu cha Matendo sura ya 15 kimeandika wazi bila kuficha. Baadaye mnamwona Paulo huyohuyo akimwandikia Timotheo amlete Marko kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Kati ya ule ugomvi na ile barua kuna miaka mingi ambayo hatujasimuliwa, na mimi naamini Paulo alikua humo.

Sasa lugha. Umesema binti analia kwamba watu wanamcheka akiongea. Mama, kulia huko kuna faida. Ukiwa kwenye lugha yako unaweza kujificha nyuma ya maneno mazuri, ukiwa kwenye lugha ya watu huna pa kujificha, unabaki na uso wako na nia yako tu. Wengi tulianza kwa kuweza kusali kabla ya kuweza kuongea chochote cha maana, unamwomba Mungu kwa sentensi tatu za kitoto na unajikuta unazimaanisha kuliko sala zako zote za zamani. Na pale mtoto wa mwenye nyumba anapokusahihisha matamshi mbele ya watu, ukakubali, ukarudia, familia nzima inaanza kukuona mtu.

Hapa niseme kitu kuhusu Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa zamani, maana Kiswahili chetu hiki kinamhusu. Alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo mke wake Rosine na mtoto wao mchanga wakafariki, yeye mwenyewe homa nusura immalize. Ukimpima kwa idadi ya waliobatizwa kwa mkono wake hutapata hesabu ya kutangaza popote. Lakini yule mtu alikaa na wenyeji, akauliza neno moja moja, akaandika, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa 1882, yeye keshafariki mwaka mmoja kabla. Waliomtuma wangekuwa wanamuuliza kila wiki umepata wangapi, sijui kama angekaa chini na daftari lake.

Na hapo ndo nina neno na sisi tuliobaki nyumbani, siyo mama huyu peke yake, na wala si kanisa letu peke yake, maana hata marafiki zangu Wakatoliki na Wapentekoste wananiambia kwao ni hivyohivyo. Tunauliza umebatiza wangapi. Tunauliza kwenye simu, tunauliza akirudi, tunauliza mimbarani mbele ya kusanyiko lote. Kubatizwa ni uamuzi wa mtu mwingine, huyo kijana hana mamlaka nao, anaweza kufanya kazi kwa uaminifu miezi yote 18 ya dada au 24 ya kaka na mtu asiseme ndiyo, mwingine akafika eneo ambalo wenzake walishalima akavuna wiki ya kwanza. Tukiendelea kuuliza hivyo tunawafundisha kuficha. Kijana akishaona huzuni yake haina nafasi kwenye simu atakuwa anacheka tu kwenye kamera, na huyo ndo wa kumhofia, siyo yule anayelia.

Alafu kuna wale wanaorudi kabla ya mda. Hili linaniuma sana. Mtu ameumwa, mwili umekataa au akili imechoka mpaka daktari amesema rudi, anafika nyumbani rais wa kigingi, yaani kiongozi wa kata kadhaa, anamwachilia rasmi kutoka kwenye utumishi, beji inatoka kifuani, na Jumapili inayofuata watu wanamsalimia kwa mbali kama vile kuna kitu alifanya. Nimewaona wakikaa benchi la nyuma, baadaye hawaji tena. Hawa walitumika. Waliamka saa hiyohiyo, walikataliwa na milango ileile, na kama bado wana nia na nguvu kidogo kanisa lina misheni ya huduma ambapo mtu anaishi nyumbani kwao na kutumika kwa kadiri anavyoweza. Viongozi wa kata wanajua hilo, basi walitangaze na waumini walijue, ili kijana akirudi akute mlango uko wazi na mtu wa kumwambia karibu nyumbani, asianze kujieleza.

Wanaomaliza mda wao wote nao wasiachwe tu. Umezoea kuwa na mtu pembeni saa zote na kila saa ina kazi yake, ghafla unaamka peke yako huna ratiba, simu haina mtu wa kufundisha, marafiki wameendelea na maisha yao. Miezi ya kwanza ni migumu. Wapeni kazi kanisani mapema, na wapeni mda wa kusimulia zaidi ya zile dakika chache za mimbarani.

Mama, ukiongea naye wiki hii usimuulize idadi. Muulize amejifunza neno gani jipya, nani alimkaribisha ndani, miguu inaendeleaje na viatu bado ni vizima, kama havifai afanye utaratibu wa vingine maana anatembea siku nzima. Ila akikuambia hapati usingizi wala hawezi kula kwa siku nyingi, hapo usisubiri, mwambie aongee na rais wa misheni na mkewe, wapo kwa ajili hiyo. Na kuhusu yule mwenza wake, muulize anaitwa nani na ametoka wapi, maana huyo naye ana mama anayesubiri simu, muombee kwa jina pamoja na wako.

Wako msomaji,
Aliyewahi kutumika misheni