Sampuli itangulie dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie kipimo ambacho wagonjwa wengi wa mkoa wetu wa Kigoma hukisikia kikitajwa, wachache hufanyiwa, na baadhi ya hao wachache hufanyiwa kwa namna isiyoweza kuleta jibu. Nakusudia kipimo cha kuotesha vimelea, yaani kuchukua mkojo, damu, usaha, makohozi au maji ya uti wa mgongo, kuyaweka katika chakula cha bakteria ndani ya maabara, na kusubiri kuona ni mdudu gani ataota na ni dawa ipi itamzuia. Nimeifanya kazi hiyo hadi nilipostaafu, na ninalotaka kulisema ni hili: pale kipimo hiki kinapohitajika, sampuli ichukuliwe kabla mgonjwa hajaanza dawa ya kuua bakteria, wala isingojwe mpaka dawa tatu ziwe zimeshindwa.

Nianze na nyumbani kwetu. Shemeji yangu, mke wa kaka, ameniruhusu nieleze yaliyompata mradi nisimtaje jina. Katika muda wa miezi minane aliambiwa mara tatu kwamba ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mara zote tatu alirudi nyumbani na dawa: kwanza amoksilini, kisha siprofloksasini, kisha sindano za seftriaksoni za siku tano. Kituo alichotibiwa sikitaji, maana alilofanyiwa pale hufanyika kwingi. Kila safari mkojo wake uliangaliwa kwa hadubini tu, zikaonekana chembe za usaha, dawa ikaandikwa. Maumivu yakitulia wiki mbili, yanarudi. Mtaani wakaupa ugonjwa wake jina, "UTI sugu", kana kwamba usugu ni aina ya ugonjwa, ilhali ni tabia ya bakteria fulani mbele ya dawa fulani.

Alipokuja kuniuliza nilimshauri aende akaoteshe mkojo. Alikwenda, akalipa, akangoja siku tatu, na karatasi ikarudi imeandikwa kwamba hakuna kilichoota. Aliniletea karatasi hiyo akiwa amekasirika, kwa sababu siku hiyohiyo alikuwa bado anaumwa akienda haja ndogo. Nikamuuliza kama alimeza dawa yoyote kabla ya kutoa mkojo ule. "Shemeji, si dawa ya kusema dawa," akanijibu. "Jirani alinigawia vidonge viwili usiku wake, maana nilikuwa silali." Aliponionyesha kipande cha karatasi ya vidonge nikaona ni nitrofurantoini, dawa ambayo hujikusanya kwenye mkojo. Vidonge viwili vilitosha kumzuia mdudu asiote kwenye sahani, lakini havikutosha kumwondoa kwenye kibofu. Pesa ya kipimo ilikwenda bure, na laiti nisingemuuliza, karatasi ile ingekuwa ushahidi kwamba haumwi kitu.

Tulisubiri. Maumivu yalipozidi tena hakumeza chochote. Alijisafisha kwa maji, akaacha mkojo wa mwanzo upite, akakinga wa katikati kwenye kopo safi alilopewa maabara (si chupa ya soda iliyosuuzwa, ambayo nimeipokea dirishani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka), na kopo likafika mezani kabla ya saa moja kwisha. Safari hii aliota bakteria aitwaye E. coli, tena kwa wingi.

Labda msomaji angependa kujua ni nini hufanyika ndani baada ya kopo kupokelewa. Mtaalamu huchovya kwenye mkojo kitanzi chembamba cha waya kinachobeba mikrolita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita, akakipitisha juu ya sahani yenye chakula kilichoganda. Kinachokigandisha ni agari, ambayo hutokana na mwani. Aliyeshauri itumike maabara mwaka 1881 hakuwa daktari bali Fanny Angelina Hesse, mke wa mtafiti aliyekuwa akifanya kazi kwa Robert Koch kule Ujerumani, naye aliijua kutoka jikoni kwake, katika kutengeneza jeli. Sahani hulala kwenye kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37, karibu na joto la mwili wetu, na asubuhi yake, kama bakteria walikuwamo, huwa pametokea madoa. Kwenye chakula kiitwacho MacConkey madoa ya E. coli ni ya rangi ya waridi, na kwa kawaida kila doa ni ukoo wa bakteria mmoja aliyetua pale jana yake. Yakihesabiwa 100 kutoka katika mikrolita moja, basi kila mililita ya mkojo ilikuwa na bakteria 100,000, kiwango ambacho tangu miaka ya 1950 kimetumika kutenganisha ugonjwa wa kweli na uchafu ulioingia njiani.

Siku ya pili bakteria hao husambazwa juu ya sahani nyingine, kisha huwekwa vipande vidogo vya karatasi, mviringo, kila kimoja kimenyweshwa dawa yake. Keshoye uso wa sahani huwa umefunikwa na utando wa bakteria, isipokuwa kandokando ya karatasi ambazo dawa zake zina nguvu. Hapo hubaki mduara mtupu, mithili ya uwanja uliofagiliwa katikati ya majani, na upana wake hupimwa kwa rula, kwa milimita. Wenzangu walinionyesha sahani ya shemeji yangu. Kwa amoksilini na siprofloksasini bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Kwa seftriaksoni palikuwa na kaduara kembamba kasikofikia upana unaotakiwa. Kwa nitrofurantoini uwanja ulikuwa mpana. Dawa ile ya jirani ndiyo iliyokuwa dawa yake. Alichokosa ni mtu wa kumwandikia dozi kamili baada ya kuhakikisha kwamba ugonjwa haujafika kwenye figo, maana ukishafika huko dawa hiyo haifai.

Najua jibu nitakalopewa na wahudumu wenzangu, na ni jibu la haki: mgonjwa mahututi hawezi kungoja siku tatu. Hakuna anayemwambia angoje. Mtoto mwenye homa kali na shingo iliyokaza, au mama aliyejifungua juzi ambaye anatetemeka kwa baridi, atolewe damu, na inapobidi maji ya uti wa mgongo, na dawa ianze palepale. Kama kutoa sampuli kutachelewesha dawa, dawa itangulie. Lakini kwa wengi kutoa damu kunachukua dakika chache. Majibu yakija, daktari ataendelea na dawa aliyoianza, au ataibadili, au ataiacha. Kinachotukwamisha sisi ni kwamba tunaanza dawa kwanza, na siku ya tano, mgonjwa asipopona, ndipo tunakumbuka maabara.

Wala sisemi kila mgonjwa aoteshwe. Binti mwenye UTI ya kwanza isiyo na homa anaweza kutibiwa bila kipimo hiki, na mwenye mafua hahitaji hata dawa yenyewe. Kidonda cha mguu cha miaka miwili kikipanguswa juujuu kitaotesha kila kinachoishi juu ya ngozi, na daktari atajikuta anawatibu wapangaji badala ya mgonjwa. Wanaokihitaji wanajulikana: ambaye ugonjwa umemrudia, aliyelazwa akiwa na homa isiyo ya malaria, mwenye jeraha la upasuaji linalotoa usaha, na mama mjamzito, ambaye Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mkojo wake uoteshwe hata kama haumwi, kwa kuwa bakteria waliojificha kwenye kibofu wanaweza kupanda hadi kwenye figo.

Hapa sina budi kuutaja ugonjwa ambao mkoani kwetu hutajwa pamoja na malaria kama pacha wake, yaani taifodi. Mtu akienda na homa na kichwa kinachouma hutolewa tone la damu, kinafanyika kipimo cha Widal, na baada ya dakika chache anaambiwa ana malaria na taifodi. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria, hutafuta kinga ambayo mwili umejijengea, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutoka ugonjwa wa zamani, au imetokana na vimelea wengine wanaofanana na wa taifodi. Ndiyo maana nimewaona watu waliobeba "taifodi" miaka sita mfululizo, wakipimwa kila baada ya miezi michache na kumeza siprofloksasini kila wanapopimwa. Kumwotesha bakteria kutoka kwenye damu ndiyo njia ya kumthibitisha, nayo pia ina upungufu wake, maana humkosa karibu nusu ya wagonjwa, hasa damu ikiwa kidogo au ikiwa mgonjwa ameshaanza dawa. Mtu mzima anapaswa kutolewa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, na chupa hukaa kwenye joto hadi siku tano. Anayetolewa mililita mbili baada ya siku tatu za vidonge ametobolewa mkono bure.

Wengi hudhani kwamba kikwazo chetu ni vifaa peke yake. Vifaa vinahitajika, lakini kutoka Kakonko, Kibondo, Buhigwe au kijiji cha mwambao kinachofikiwa kwa boti, kinachoharibu sampuli kabla ya kitu kingine chochote ni njia. Mkojo ukikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, bakteria wachache walioingia kwa bahati mbaya huzaana, na jibu linakuwa la uongo. Kwa hiyo mkojo uwekwe baridini, ambako unaweza kusubiri hadi saa 24, au utiwe asidi ya boriki. Damu ya kuotesha, kinyume chake, isiwekwe kwenye friji kabisa, wala maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa baadhi ya bakteria wake hufa kwa baridi. Nimepokea boksi moja la barafu ambamo vyote vitatu vimelala pamoja, na aliyevipanga alikuwa na nia njema kabisa.

Umbali usiwe kisingizio. Makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu husafirishwa kutoka zahanati hadi kwenye mashine zinazotoa jibu ndani ya saa mbili hivi, na damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI husafirishwa vilevile. Tuliokuwa Kigoma mwezi Mei 2015, wakati kipindupindu kilipowakuta wakimbizi wa Burundi pale Kagunga na watu zaidi ya 3,000 wakaugua, tunakumbuka mwambao ule ulivyokuwa mgumu kufikika. Hata hivyo sampuli ya kipindupindu ikichovywa kwenye kihifadhi cha Cary-Blair hudumu siku kadhaa bila barafu. Pikipiki inayopita kuchukua makohozi ingeweza kuchukua pia kopo la mkojo lenye kihifadhi. Hilo ni suala la ratiba na maelekezo, nalo liko ndani ya uwezo wa waganga wakuu wa wilaya.

Yapo manufaa mengine ambayo mgonjwa mmoja hawezi kuyaona. Tanzania ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu mwaka 2017, na huu wa sasa unakwenda hadi mwaka 2028. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019. Lakini daktari wa Kasulu anapoandika dawa ya kuanzia, anahitaji kujua bakteria wa Kasulu wanashindwa na nini, na hilo linajulikana kwa kujumlisha sahani za mwaka mzima za wagonjwa wa hapahapa. Tusipootesha, tutaendelea kutibiana kwa kutumia sahani za Dar es Salaam na Mwanza.

Shemeji yangu alimaliza dozi yake, na huu ni mwezi wa saba hajarudi kituoni. Ombi langu kwa uongozi wa afya wa mkoa ni dogo kuliko maabara mpya. Kwenye fomu ya kuombea kipimo hiki pana mstari wa dawa ambazo mgonjwa ameshatumia na siku aliyoanza kuzitumia. Katika miaka yangu yote ya benchi, mstari huo uliniletea wino mara chache mno. Ujazwe, na chini yake iandikwe namba ya simu ya mgonjwa, kwa sababu majibu ya siku ya tatu humkuta ameshaondoka na boti ya jana, nayo karatasi huishia kwenye droo.

Mstaafu wa maabara,
Ujiji, Kigoma.