Lengo la afisa mikopo lisipingane na mpango mkakati wa SACCOS

Ndugu Mhariri,

SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, nyingi nchini zina mpango mkakati unaotamka kwamba akiba za wanachama zikue na mikopo kutoka benki ipungue. Mwaka ukianza, afisa mikopo anakabidhiwa lengo moja tu: hadi Desemba awe ametoa mikopo ya kiasi fulani. Kwa kuwa atapimwa kwa fedha zilizotoka, atazitoa, na akiba zisipotosha chama kitarudi benki kukopa. Mwanachama na alinganishe mpango huo na ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, anaoupitisha kwenye mkutano mkuu. Ukomo ukipanda kila mwaka, mkakati umebaki kabatini.

Linaloumiza zaidi ni lengo hilo linapokutana na mkopo uliokwama. Mwanachama akishindwa kulipa, hupewa mkopo mpya unaofuta ule wa zamani. Vitabuni deni limetoweka, na afisa kahesabiwa mkopo mwingine. Mikopo ya namna hii iondolewe kabisa kwenye lengo lake na iripotiwe peke yake.

Kipimo cha mikopo iliyokwama nacho hukosewa. Chukua mkopo wa Sh3,000,000 wa miezi 12, rejesho Sh250,000 kwa mwezi bila riba. Mkopaji kalipa miezi mitatu, kisha miwili ikapita bila kulipa. Taarifa ya bodi itaandika kwamba deni lililochelewa ni Sh500,000. Kilicho hatarini ni salio lote, Sh2,250,000, maana aliyekwama anaweza asilipe tena hata senti. Jumlisheni salio za mikopo yote iliyochelewa zaidi ya siku 30, mgawanye kwa salio la mikopo yote ya chama. Ikivuka asilimia 5, utoaji upunguzwe hadi marejesho yakae sawa.

Halafu nani anawajibika? Mkopo usipolipika, meneja husema kamati ya mikopo ndiyo iliyopitisha. Kamati husema afisa ndiye aliyemchambua mwombaji. Afisa husema alikuwa akikimbiza lengo la meneja. Kila lengo liandikwe na jina la mtu mmoja, tarakimu na tarehe. Malengo manne yanatosha: akiba, marejesho, mikopo ambayo chama kinachukua benki na gharama za uendeshaji. Bodi iyapitie kila mwezi mwanzoni mwa kikao, si kwenye mengineyo watu wakiwa wamechoka. Motisha ya afisa nayo isilipwe siku mkopo unapotoka. Ilipwe miezi 6 baadaye, kwa mikopo ile tu ambayo marejesho yake hayajachelewa.

Pa kuyaingiza haya ni kwenye makisio ya mwaka ujao, kwa sababu mkutano mkuu ndio unaoyapitisha. Mwanachama aombe jedwali la malengo hayo manne, lenye majina, kabla hajanyoosha mkono.

Wadau wa ushirika wa akiba na mikopo,
Morogoro