Hesabu ya uhai wa kumbukumbu iandikwe kwenye zabuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hasara ambayo wenye mabasi na malori huilipia bila kuijua, nayo ni ya vifaa vinavyotupwa ilhali kilichokufa ndani yake ni kipande kidogo tu cha kumbukumbu.

Mwezi uliopita nilifungua kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, ambacho muuzaji alikuwa amekwisha kumwambia mwenye basi anunue kipya. Umeme ulikuwa unafika na antena ilikuwa nzima, lakini kila kilipowashwa kilisahau namba ya gari. Niliposoma chipu yake ya flashi, yaani kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, ile ndogo yenye miguu minane, nilikuta kati ya sekta (vipande vya kumbukumbu) 1,024 imekufa moja tu, na nyingi kati ya zilizobaki hazikuwa zimewahi kuandikwa chochote.

Chanzo chake ni hiki. Flashi ya namna hiyo haifutwi baiti mojamoja, bali sekta nzima ya baiti 4,096 kwa mpigo, na kila inapofutwa seli zake huchakaa. Mtengenezaji huahidi takriban mara 100,000. Programu ya kifaa hiki ilikuwa ikifuta na kuandika mahali palepale kila baada ya sekunde 30, yaani mara 2,880 kwa siku ikiwa gari halipumziki, na kwa mwendo huo ahadi ya mtengenezaji inakwisha ndani ya siku 35. Basi hili lilifika miezi kadhaa kwa sababu hulala usiku, na kwa sababu chipu nyingi huvumilia kupita kiwango kilichoahidiwa. Lau kila rekodi ya baiti 32 ingeandikwa baada ya iliyotangulia mpaka sekta ijae, sekta ingefutwa mara moja tu kwa rekodi 128, na hiyo hiyo moja ingedumu miaka 12. Zikizungushwa sekta 16 kwa zamu, basi lenyewe litaisha kwanza. Kwa hiyo siikubali kauli ya kwamba tatizo ni chipu za bei nafuu.

Kosa jingine lilikuwa la mgawanyo. Mipangilio, ambayo haibadilishwi hata mara mbili kwa mwaka, iliwekwa patisheni moja (sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa kazi fulani) na rekodi za mwendo, ikafa nazo. Ilistahili patisheni yake, tena kwa nakala mbili katika sekta tofauti, kila nakala na namba yake ya kuhakiki kama iko nzima, kwa kuwa dereva anaweza kuzima gari wakati sekta inafutwa. Programu ya kuwashia kifaa nayo ifungwe isiandikike, na programu kuu ipewe nafasi mbili, ili sasisho likikatikia njiani kifaa kirudie toleo la zamani.

Chipu kubwa zenye kidhibiti chake husawazisha uchakavu zenyewe, lakini hata hizo zina kikomo. Februari 2021 kampuni ya Tesla iliyaita magari yapatayo 135,000 nchini Marekani yarudishwe kurekebishwa, kwa kuwa chipu ya gigabaiti 8 ya mfumo wa skrini ya kati, yenye uwezo wa mizunguko 3,000 ya kuandika na kufuta, ilikuwa ikichakaa baada ya miaka mitano au sita na kuizima kamera ya nyuma.

Naziomba taasisi na vyama vya wasafirishaji vinavyonunua vifaa hivi kwa mamia vimtake muuzaji aandike kwenye zabuni ni mara ngapi kwa siku kila sekta itafutwa, patisheni zimepangwaje, na dhamana ifuate hesabu hiyo.

Kifaa nilichokitaja nilikibadilishia chipu nikanakili yaliyosalia, nacho kimerudi barabarani. Programu yake ni ileile, hivyo nimemwandikia mwenye basi tarehe ya kukileta tena, kabla sekta ileile haijafa.

Fundi wa vifaa vya elektroniki,
Morogoro