Mgonjwa wa kiharusi apimwe kumeza kabla ya kupewa hata funda la maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaouguza wagonjwa wa kiharusi huku Mtwara hulifahamu tukiwa tumekwisha kuchelewa, nalo ni kushindwa kumeza.

Msimu uliopita wa korosho, baba yangu mkubwa alipooza upande wa kulia akiwa shambani, Newala. Hospitalini alipimwa presha na sukari, akatundikiwa dripu, na jioni tukaambiwa tumtafutie chakula. Mama mkubwa alimnywesha maji ya dafu kwa kijiko, mgonjwa akiwa amelala chali, huku akimbembeleza, "Meza baba, japo funda moja." Maji yalichuruzika pembeni mwa mdomo, akakohoa, na tangu hapo sauti yake ikawa na mkoromo wa majimaji. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba mkoromo ule ulikuwa dalili. Siku ya nne alikuwa na nimonia.

Takriban nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo, kwa sababu misuli ya ulimi na koo huishiwa nguvu kama unavyoishiwa mkono. Wengine hupaliwa bila hata kukohoa. Na tofauti na tulivyozoea kuamini, maji ndiyo hatari zaidi, maana hukimbia haraka na kuingia njia ya hewa kabla koo halijajifunga. Kwa wagonjwa wengi uji mzito huwa salama kuliko maji.

Siwalaumu wauguzi, ambao niliwaona wakihangaika usiku kucha na wodi iliyojaa. Lakini kipimo cha awali ni cha dakika chache: mgonjwa aliye macho huketishwa wima, akapewa maji kidogo kidogo, muuguzi akatazama kama anakohoa au sauti inabadilika. Akishindwa, asipewe kitu mdomoni, awekewe mpira wa kulishia puani hadi mtaalamu wa tiba ya kumeza amwone.

Baba mkubwa alipata mtaalamu huyo baada ya kupewa rufaa, mbali na nyumbani. Alifundishwa kumeza kwa nguvu zake zote hata mate matupu, kuinamisha kidevu kila anapomeza, na kulala bila mto akainua kichwa mpaka aone vidole vya miguu, mabega yakibaki kitandani. Sisi tulifundishwa kumsafisha kinywa asubuhi na jioni, kwani uchafu wa kinywa ukishuka mapafuni ndio unaoleta nimonia, na kumwacha ameketi nusu saa baada ya kula. Si mazoezi ya kila mgonjwa. Mtaalamu ndiye anayepima lipi linamfaa nani, na ndiyo maana naziomba mamlaka za afya zihakikishe hospitali za mikoa yetu ya Mtwara na Lindi zina angalau mtaalamu mmoja wa tiba hii, na kwamba hakuna mgonjwa wa kiharusi anayeruhusiwa kurudi kijijini kabla ndugu hawajaonyeshwa namna ya kumlisha.

Hadi leo baba mkubwa hunywa maji kwa kijiko, ameketi wima, na kila baada ya funda mama mkubwa humwambia aseme "aaa", akitega sikio asikie kama sauti imebaki kavu.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara