Maji chini ya miembe

Malindi, 19 Mei 2024

Mpendwa Athmani,

Assalam aleikum. Natumai jamaa wote wa Lamu hamjambo. Huku tu wazima, ila Sabaki umefura, na tope lake limeifanya bahari nyekundu.

Uliniuliza nimejuaje kwamba mpunga wa mjomba kule Ozi, kwenye delta ya Mto Tana, umezama, ilhali sijatoka Malindi. Picha za kawaida za setilaiti hazikunifaa. Nilifungua moja baada ya nyingine, nikaona mawingu matupu toka Garsen mpaka Kipini. Masika ndivyo yalivyo: mvua inayofurisha mto ndiyo inayoufunika.

Nikageukia rada. Sentinel-1, setilaiti yenye rada, haingojei mwanga wa jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, ya urefu wa sentimita 5 na nusu hivi, nayo hupenya wingu, usiku na mchana. Maji yaliyotulia huyatupa upande wa pili kama kioo, yasirudi. Ndiyo maana kwenye picha maji ni meusi ti. Niliweka picha ya kiangazi kando ya hii ya Mei. Bonde lililokuwa la kijivu lilikuwa jeusi lote. Nilikaa kitambo nikiitazama, sikuweza hata kukupigia.

Mchanga mkavu wa Mambrui nao hutoka mweusi, kwa kuwa ni laini, lakini huo ulikuwa hivyo hata kiangazi, nikauondoa. Kinachoninyima usingizi ni miembe. Maji yakisimama kati ya miti, mawimbi hugonga maji, yakagonga shina, yakarudi kwa nguvu, na mahali pale pakang'aa. Majani yakiwa mazito, mawimbi hayafiki chini kabisa. Kwa hiyo ramani yangu ya mafuriko inaonyesha pakavu, na nyumba nyingi za kule ziko chini ya miembe hiyo hiyo! Mtu wa kugawa chakula akiifuata, atawapita.

Nakuomba umpigie mjomba. Muulize maji yalifika wapi: gotini, kiunoni, au alama ya tope iko wapi ukutani. Ataje na mwembe ulio karibu, nitautafuta. Mwenzake Sentinel-1 hii aliharibika Desemba 2021, na iliyobaki hurudi njia ile ile kila baada ya siku 12. Siwezi kungoja hivyo.

Nisalimie mama.

Nduguyo,
Bakari