Kwa nini MRI ya njia za neva baada ya kiharusi si kazi ya dakika kumi

Hapa kwenye kituo chetu cha MRI (picha za mwili kwa sumaku) lawama za ndugu wa mgonjwa ni zile zile: "Mgonjwa alishapigwa CT (picha ya eksirei ya kompyuta) siku alipoanguka, leo mnatutoza tena kwa ubongo ule ule." Ubongo ni ule ule, ila swali limebadilika. CT ya dharura hutazama hasa kama damu imevuja. Miezi mitatu baadaye daktari anataka kujua kama njia inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi uti wa mgongo, ile inayoamrisha mkono, bado imeshikamana. Hilo CT haiwezi kulijibu.

Tunachopima ni mwendo wa maji. Kwenye nyuzi nzima za neva maji husogea kwa wepesi kufuata urefu wa uzi. Nyuzi zikifa, yanasambaa ovyo. Mashine hupima mwendo huo katika vijisanduku vya milimita 2, kuelekea pande nyingi tofauti, picha moja kwa kila upande. Kihesabu pande 6 zinatosha, na ndipo bei rahisi inapopatikana. Lakini mgonjwa akikohoa katikati ya pande 6, hakuna picha ya kutupa, zote zinahitajika. Sisi tunapiga 30 na zaidi: tatu zikiharibika tunazitoa na hesabu inasimama. Dakika hizo za ziada ndizo mnazolipia.

Wengine husema, "Pigeni upande ulioumia tu." Haisaidii. Jibu ni namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha maji yanafuata mwelekeo mmoja kiasi gani, na inasomwa kwa kulinganisha pande mbili za ubongo. Tuseme upande usioumia una 0.60, ulioumia 0.45. Tofauti ni 0.15, igawe kwa jumla yake, 1.05, unapata 0.14. Namba hii ya mwisho ikikaribia 0, njia za pande hizo mbili zinakaribiana. Hiyo 0.45 peke yake haina maana.

Na si kila mgonjwa anaihitaji. Timu ya mtafiti Cathy Stinear kule Auckland, New Zealand, iliweka kipimo hiki kwenye utaratibu wake wa PREP mwaka 2012 wa kutabiri kama mkono utarudi. PREP2 ya 2017 ikaiacha MRI. Mgonjwa ambaye siku ya 3 baada ya kiharusi anainua bega na kunyoosha vidole vizuri, pesa hiyo ipelekeni kwenye mazoezi tiba. Tunawaambia hivyo hapo hapo mapokezi.

Hasara kubwa iko kwenye picha ya pili. Watu hupiga ya kwanza kwa bei ya chini, mashine nyingine, pande 6, kisha wanatuletea filamu iliyopigwa picha kwa simu tuseme kama amepona. Namba ikipanda, ni ubongo au ni mashine? Haijulikani, inabidi kuanza upya na kulipa mara mbili. Ombeni CD yenye faili zote, si filamu, na mrudi kwenye mashine ile ile kwa mipangilio ile ile. Vibanio vya nywele, pini za hijabu na wigi lililoshonwa kwa waya vibaki nyumbani: chuma kinapinda picha. Mwenye betri ya moyo au klipu kichwani atuambie kabla ya kuweka miadi.