Shukrani kwa fundi wa marumaru wa Tegeta

Kaka fundi, jina lako sikuuliza, na siku ile nililia mbele yako bila kukuambia sababu. Nilikuja dukani kutafuta gundi ya kuunganisha vikombe vya marehemu mama yangu, vilivyovunjika tulipokuwa tunahama. Ukavitazama, ukasema, “Dada, hivi havirudi kuwa vikombe. Lakini ukipanga vipande vyake, picha inatoka.”

Ukaacha kazi yako. Ukanionyesha namna ya kufunga kigae kwenye kitambaa kabla ya kukigonga kwa nyundo, na kubana ukingo kwa koleo taratibu mpaka kipande kipate umbo. Ukanipa mabaki ya marumaru ya bluu, mfuko mzima, na saruji nyeupe kwenye kopo la rangi. Hela ukakataa. “Acha nafasi kati ya kipande na kipande,” ulinisisitizia, “saruji ipate pa kuingia, na uifute kabla haijakauka.”

Picha imekamilika, kaka. Ni mkono wa mama umeshika birika; ua jekundu la kikombe chake nimeliweka penye kidole cha pete. Miezi mingi sikuweza hata kumtaja. Sasa wageni wakiuliza, nawasimulia.

Juzi nilipita kwenye magofu ya Kunduchi, pale wazee wa zamani walipopachika sahani za Kichina kwenye makaburi, nikakukumbuka. Nikaja dukani, nikakuta pamefungwa. Ukiyasoma haya, pokea asante yangu, na karibu nyumbani uione.